Pembe kwa ajili ya simba: namna okestra inavyomsemea mnyama kwenye filamu

Shangazi yangu anakaa upande wa Isiolo na maisha yake yote ameishi kwa mifugo. Desemba iliyopita nilimwekea kipande cha mwisho cha filamu ya Born Free kwenye simu, nikakata sauti kabisa. Nilitaka kujua jambo moja tu, ataona nini. Akaishika simu kwa mkono ulionyooka, kama wafanyavyo wazee, akamtazama simba jike akirudi kwa watu waliomlea, watoto wake nyuma yake.

"Huyu ana njaa," akasema. "Na hao watu mbona hawakimbii?"

Nikarudisha nyuma, safari hii na sauti. Pembe za okestra zikaita, fidla zikaingia chini yake polepole, kisha ule wimbo mkubwa ukapanda. Shangazi hakusema neno. Nilipomwangalia alikuwa ameukunja mdomo vile anavyoukunja msibani. "Zima hiyo, mwanangu," akasema. "Unanitia huzuni bure."

Picha zilikuwa zile zile. Simba yule yule, nyasi zile zile, hatua zile zile. Mara ya kwanza aliona mnyama mwenye njaa. Mara ya pili aliona mwana aliyerudi nyumbani kuonyesha wajukuu. Nimeipenda filamu hii tangu utotoni na nimekuwa nikijiuliza muda mrefu kazi hiyo ya kumgeuza simba machoni petu inafanyikaje. Si uchawi. Ni ufundi unaoeleweka, na ukishaeleweka haupungui utamu.

Tuanze na kisa chenyewe, kwa sababu ni cha kweli. Mwaka 1956 George Adamson, bwana nyama wa serikali ya kikoloni aliyekuwa na kituo chake Isiolo, alimpiga risasi simba jike aliyemrukia. Baadaye akagundua kwamba simba yule alikuwa akilinda watoto watatu wachanga. George na mkewe Joy wakawalea. Wawili walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, Elsa, akabaki. Alipokua walimfundisha kuwinda ili aweze kuishi porini bila wao, na hatimaye akafanikiwa katika nyika ya Meru. Joy aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1960, na filamu ikafuata mwaka 1966 chini ya mwongozaji James Hill. Virginia McKenna na Bill Travers, ambao hata nje ya filamu walikuwa mke na mume, waliigiza nafasi za Joy na George. Upigaji picha ulifanyika Kenya, upande wa Naro Moru chini ya Mlima Kenya.

Muziki ulitungwa na John Barry, Mwingereza mzaliwa wa York. Alikuwa na miaka 32 filamu ilipotoka, na tayari dunia ilimjua kwa muziki wake wa filamu za James Bond, ule wa tarumbeta kali na gitaa la umeme. Kwa Elsa alifanya kinyume kabisa. Katika tuzo za Oscar zilizotolewa mwaka 1967 alipata mbili kwa filamu hii hii, moja ya muziki wa filamu na nyingine ya wimbo bora, aliyoigawana na Don Black aliyeandika maneno.

Sasa tuje kwenye fundo.

Mwigizaji binadamu anajua kulia kwa amri. Unamwambia mkumbuke marehemu mama yako, naye machozi yanakuja. Simba haigizi. Ukimwelekezea kamera atapiga miayo, atajilamba, atageuka kutazama ndege. Mwongozaji anapiga picha kwa saa nyingi, kisha mhariri anaketi mezani na kuchagua: hapa amegeuza kichwa, tuseme amesikia sauti ya Joy, hapa ameinamisha macho, tuseme ana majonzi. Uso wa simba hauna misuli ya kusema "nimekukumbuka" kwa namna tunayoisoma sisi. Uko kama ukurasa mtupu.

Watu wa filamu wana kisa cha zamani kuhusu jambo hili, kinachofundishwa katika vyuo vyao hadi leo. Lev Kuleshov, mwongozaji wa Kirusi wa enzi za mwanzo za Usovieti, alichukua picha moja ya mwigizaji mwenye uso usioonyesha lolote, akaiunganisha na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na picha nyingine. Watazamaji wakasifu uigizaji: jinsi alivyoitamani supu, jinsi alivyomlilia marehemu. Kumbe uso ulikuwa mmoja. Hisia walizileta wenyewe kutokana na kilichowekwa jirani.

Muziki ndiyo jirani mwenye nguvu kuliko wote, kwa sababu haukai kabla wala baada ya picha, unakaa juu yake kwa wakati huo huo. Picha ya simba anayetazama mbali, ukiiwekea selo moja inayoshuka, anakuwa mpweke. Iwekee ngoma nzito zinazoharakisha, anakuwa anapanga kuua. Iwekee filimbi inayorukaruka, anakuwa mtoto anayefikiria utundu. Ni macho yale yale.

Kuna jingine ambalo watazamaji wengi hawalijui. "Elsa" tunayemwona kwenye filamu si simba mmoja. Walitumika simba wengi, wa umri na tabia tofauti, kwa sababu mtoto wa simba hakui kwa ratiba ya watengenezaji filamu, na simba anayekubali kupanda juu ya gari si lazima awe ndiye anayekubali kuogelea. Ukitazama kwa makini utaona sura zinatofautiana. Lakini hutazami kwa makini, kwa sababu kila anapotokea, wimbo ni ule ule. Wimbo ndio unaowashona simba wote wale wakawa kiumbe mmoja mwenye jina na maisha. Nilipoligundua hili mara ya kwanza nilisimamisha filamu nikakaa kimya kwa dakika kadhaa. Nilikuwa nimempenda simba ambaye, kusema kweli, alikuwa wimbo.

Je, mtunzi anafanyaje kazi hii, hasa kwa zana za miaka ya 1960? Kwanza, muziki kwa kawaida huja mwisho. Picha zimeshapigwa, zimekatwa, zimeunganishwa. Mtunzi na mwongozaji wanaketi pamoja kuitazama filamu yote, na swali lao kubwa ni wapi muziki uingie na wapi utoke. Mahali pa kunyamaza pana uzito sawa na mahali pa kupiga. Muziki ukijaa kila mahali, sikio linachoka na linaacha kusikiliza, kama mtu anayekaa jirani na mashine ya kusaga.

Baada ya hapo ni hesabu. Filamu inakimbia fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde, maana yake dakika moja ni fremu 1,440, na kwa filamu ya milimita 35 dakika hiyo ni utepe wa futi 90. Msaidizi anampa mtunzi orodha: sekunde ya 12 simba anageuka, sekunde ya 19 na nusu Joy anasimama, sekunde ya 31 watoto wanaonekana. Mtunzi anapaswa kuandika muziki unaotiririka kana kwamba haujui saa, huku ukifika kila kituo kwa wakati. Akichagua mwendo wa mapigo 72 kwa dakika, ambao uko karibu na moyo wa mtu aliyetulia, kila pigo linachukua fremu 20 kamili. Kwa hiyo walitoboa vitundu kwenye utepe, kimoja kila baada ya fremu 20, vikatoa mlio wa "ti, ti, ti" kwenye hedifoni za wanamuziki na kondakta. Okestra nzima inapiga ikitazama noti, kondakta anatazama kioo kikubwa ambako simba anatembea, na wote wanashikwa pamoja na mlio ule mdogo ambao mimi na wewe hatutausikia kamwe.

Kuna mitindo miwili ya kufuata picha. Mmoja ni kuigiza kila tendo: mnyama akiruka, ala inaruka, akianguka, ngoma inapiga puu. Mtindo huu unafaa kwa katuni, na mahali pa michezo ya watoto wa simba unapendeza. Mwingine ni kuyaacha matendo yapite na kufuata maana yaliyoibeba. Barry alikuwa bingwa wa huu wa pili. Nyimbo zake ni ndefu na hazina haraka, zinaachia nafasi. Simba anaweza kukimbia, kusimama, kugeuka, na wimbo ukaendelea kwa mwendo wake kama mto usiojali ng'ombe wanaovuka. Matokeo yake mnyama anapata heshima. Haonekani kama kikaragosi anayevutwa na kamba za okestra, anaonekana kama kiumbe mwenye maisha yake, na sisi ndio tunaotazama kwa mbali.

Alijifunza wapi? Baba yake alimiliki majumba ya sinema kaskazini mwa Uingereza, kwa hiyo Barry alikua akisikia muziki na picha pamoja tangu mdogo, na mama yake alipiga piano. Alisoma upatanifu wa sauti kwa Francis Jackson, mpiga kinanda mkuu wa kanisa kuu la York, na alipiga tarumbeta. Akiwa jeshini alisoma kwa njia ya posta utunzi wa jazi kutoka kwa Mmarekani Bill Russo. Nikisikiliza muziki wa Elsa nadhani nalisikia lile kanisa. Ndani ya jengo kubwa la mawe huwezi kubadilisha sauti haraka haraka, mwangwi utavuruga kila kitu. Unapiga, unasubiri, unaiacha sauti ijaze paa. Hilo ni oni langu, lakini sikiliza mwanzo wa filamu uone kama hutakubaliana nami.

Tuje kwenye pembe, maana hapa ndipo palinivuta kuandika.

Ala ya shaba iliyozungushwa kama konokono, ambayo okestra za Ulaya huiita pembe, asili yake ni uwindaji. Katika karne ya 17 wawindaji wa kifalme wa Ufaransa na nchi za Kijerumani walitumia pembe ndefu za shaba kupashana habari msituni: mnyama ameonekana, mnyama amevuka mto, mnyama amekufa. Bomba lilizungushwa ili mpanda farasi alivae begani na mikono ibaki huru kushika hatamu. Mwanzoni mwa karne ya 18 ikaingizwa ndani ya okestra, na ikaja na harufu yake ya msitu. Ukilinyosha bomba la pembe ya kawaida ya leo linafika karibu mita 3.7. Mdomo wake mpana unaelekea nyuma, na mpigaji anaingiza mkono ndani yake, kwa hiyo sauti haimfikii msikilizaji moja kwa moja, inagonga ukuta kwanza. Ndiyo sababu pembe husikika kama iko mbali hata ikiwa mbele yako. Sikio linaambiwa "uwanda mpana" kabla jicho halijaona nyasi hata moja.

Watunzi wa Ulaya waliitumia pembe kwa wanyama muda mrefu. Sergei Prokofiev, katika hadithi yake ya muziki kwa watoto ya mwaka 1936, alimpa kila mhusika ala yake: ndege ni filimbi, paka ni klarineti, na mbwa mwitu ni pembe tatu zinazopiga pamoja. Ala ya mwindaji ikawa sauti ya mwindwa. Barry aliirithi mila hiyo, akaisogeza hatua moja mbele. Kwake pembe haitishi tena. Inaita kwa upole, kama mtu anayemwita ndugu yake kutoka ng'ambo ya bonde. Nyuzi zinaitikia.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Kiswahili chenyewe kinaita pembe kile kinachoota kichwani mwa mnyama na kile kinachopulizwa. Siwa ya Pate ilichongwa kwa pembe za ndovu, na siwa ya Lamu ikafuliwa kwa shaba. Zote mbili zilipulizwa kwenye arusi na sherehe za waungwana, na aliyepuliza siwa aliutangaza ukubwa wa mtu. Ni mnyama aliyekufa ili mwanadamu atukuzwe. Filamu hii inaigeuza desturi hiyo juu chini: shaba inapulizwa ili mnyama atukuzwe. Na kwa bahati ya ajabu, sehemu ya kisa cha Elsa inafika pwani hiyo hiyo, Kiunga, kaskazini ya Lamu, ambako Adamson alikwenda kumsaka simba aliyekuwa akisumbua wenyeji. Kwenye albamu ya muziki wa filamu kimo kipande kinachobeba jina la Kiunga.

Upande wa nyuzi, msikilizaji wa taarabu yuko nyumbani. Anazijua fidla zinazopiga wimbo mmoja kwa pamoja, anajua selo na besi zinavyoshika chini. Tofauti ni wingi na upatanifu. Taarabu huipamba njia moja ya wimbo, ilhali okestra ya filamu hugawa nyuzi zile katika ngazi nne au tano, kila ngazi na noti yake, hadi sauti inakuwa kama blanketi. Barry alipenda kuiweka fidla juu kabisa, na pembe chini kabisa, na katikati akaacha uwazi. Uwazi ule ndio anga.

Lakini machozi? Hapa kuna jambo ambalo wanasaikolojia wamelichunguza. Mwingereza John Sloboda alichapisha mwaka 1991 utafiti uliowahusisha watu 83, akiwaomba wataje vipande hasa vya muziki vinavyowaliza au kuwasisimua mwili. Alipochunguza noti zenyewe, aliona kwamba mahali penye machozi mara nyingi pana noti inayoegemea: wimbo unatua kwenye noti isiyopatana na chini yake, unaikawiza kidogo, kisha unateremka hatua moja na kupatana. Mwimbaji wa taarabu anaijua siri hii bila kitabu. Anafika juu ya neno "moyo," anakawia pale panapouma, watu wanasema "aah" hata kabla hajashuka. Mwili unasubiri kutulizwa, na kule kusubiri ndiko kunakokaza koo.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Wimbo wa Elsa haukuhifadhiwa hadi mwisho. Unasikika mapema, mambo yakiwa mepesi, unaunganishwa na michezo na safari. Kila ukirudi unaleta vyote vilivyopita, kama kanga ya marehemu bibi inavyotoka sandukuni na harufu yake. Kwa hiyo simba anapotokea mwishoni na watoto wake, wimbo ule haukwambii "lia." Unakurudishia saa moja na nusu ya mapenzi kwa mkupuo mmoja. Shangazi alikuwa ameona dakika chache tu na bado ulimshika, na hilo linaniambia kwamba noti zenyewe zinafanya kazi kubwa. Fikiria aliyekaa nazo tangu mwanzo.

Ukitaka kuona ukali wa kisu hiki, ugeuze. Mwaka 1975 John Williams alimtungia papa wa filamu ya Jaws noti mbili tu zinazopakana, zikirudiwarudiwa chini kabisa na nyuzi nzito, taratibu kisha kwa kasi. Papa wa bandia aliyetengenezwa aliharibika mara kwa mara ndani ya maji ya chumvi, kwa hiyo katika sehemu nyingi hayupo kwenye picha. Zile noti mbili ndizo papa. Watu duniani kote wakaogopa bahari. Simba wa Naro Moru na papa wa Marekani wote ni wawindaji, wote wana meno. Aliyeamua yupi tumlilie na yupi tumkimbie alikuwa ameketi mbele ya piano.

Kwa hiyo ni haki kuuliza: muziki huu unamsemea simba, au unasema badala ya simba? Mimi naona unamsema zaidi Joy. Wimbo ule haujui simba anawaza nini. Unajua vizuri sana mwanamke aliyemlea simba anajisikiaje anapomwachia aende. Ni muziki wa mzazi, umevishwa ngozi ya mnyama. Na ukilijua hilo utaanza kuona pia nani hakupewa wimbo. Kwenye filamu yumo Nuru, mtumishi aliyemtunza Elsa, nafasi iliyochezwa na Peter Lukoye, na yumo Makkede, iliyochezwa na Omar Chambati. Katika albamu, pimbi wa Joy aliyeitwa Pati ana kipande chenye jina lake, cha kifo chake. Nuru hana. Naupenda muziki huu kwa moyo wote, na hilo linaniuma kila ninaposoma orodha ile.

Shangazi alilisema kwa njia yake. Jioni ile, tukiwa tumeshahamia kwenye chai, alirudi kwenye jambo lile bila mimi kumchokoza. "Wale waliovunja boma la babu yako usiku," akasema, "hawakuja na fidla." Alipoteza ndama wanne usiku ule, akiwa msichana. Anayakumbuka majina yao.

Wengine walijaribu njia nyingine. Henry Mancini, kwa filamu ya Hatari! iliyopigwa Tanganyika, pande za Arusha, na kutoka mwaka 1962, aliwapa watoto wa tembo klarineti ndogo na kinanda cha aina inayopigwa kwenye sarakasi, kikitembea kwa mapigo ya bugi. Ni muziki wa furaha tupu. Philippe Sarde, kwa filamu ya Kifaransa ya mwaka 1988 kuhusu dubu yatima, ambayo karibu haina mazungumzo, aliujenga muziki wake juu ya kipande cha piano cha Tchaikovsky kilichopewa jina la mwezi Juni. Na Hans Zimmer, kwa katuni ya simba ya mwaka 1994, alimleta Lebo M wa Afrika Kusini, na sauti ya kwanza unayosikia jua linapochomoza ni ya mtu anayeimba Kizulu. Hapo angalau Afrika ilifungua kinywa.

Wimbo wa Born Free wenyewe nusura usisikike. Don Black aliandika maneno yasiyomtaja simba wala kizimba. Alizungumzia uhuru tu. Watayarishaji waliona hauna soko, wakaukata kwenye nakala iliyoonyeshwa katika uzinduzi wa kifalme London. Matt Monro, aliyeuimba, alikuwemo ukumbini, akakaa hadi mwisho asijisikie. Yeye na Black walishinikiza hadi ukarudishwa, kwa toleo fupi, mwisho wa filamu. Usingerudishwa usingeruhusiwa kushindania Oscar iliyoipata.

Nguvu ya muziki haikuishia kwa watazamaji. Baada ya kamera kuzimwa, simba wengi wa filamu walipelekwa kwenye bustani za wanyama. Watatu, Boy, Girl na Ugas, walibaki na George, aliyewarudisha porini Meru. McKenna na Travers hawakuweza kulisahau hilo. Miaka michache baadaye waliigiza na mtoto wa tembo aliyeitwa Pole Pole, ambaye baadaye alipelekwa London na kufa huko kwenye bustani ya wanyama mwaka 1983. Mwaka uliofuata wakaanzisha shirika la kutetea wanyama waliofungiwa, ambalo leo linabeba jina la filamu ile.

Wiki mbili baada ya Desemba ile shangazi alinipigia simu. Tukasalimiana kwa urefu, mvua, mbuzi, watoto, kisha akauliza, "Na yule simba mwenye watoto, alirudi tena kwa wale watu?"

Nikamwambia ukweli. Elsa alikufa Januari 1961, kabla filamu haijatengenezwa, akiwa na miaka mitano hivi. Alizikwa Meru, kando ya mto Ura. Akauliza nini kilimuua, nikajibu ni ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe.

"Kupe," akasema.

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia kengele za mbuzi wakiingia bomani.

"Huo hata sisi umetuulia ng'ombe."